Supu ya Mchele wa Ziwani

(Maelezo yaliyotolewa kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Yawezekana wapo watakaoshangaa kuona mazungumzo ya ushirika yakianzia jikoni badala ya kuanzia kwenye daftari la mapokezi ya mazao. Lakini zao la chakula, hata lipitie mizani mingapi na maghala mangapi, mwisho wake ni chungu. Na mpishi ndiye mkaguzi wa mwisho, asiyeandika taarifa ila hutoa hukumu. Supu itakayoelezwa hapa ni ya jimbo la Minnesota, kaskazini ya Marekani, nchi ya maziwa mengi na baridi kali. Ni supu nzito ya malai, yenye mchele mrefu mweusi, uyoga na mboga. Watu wa huko aghalabu huitia nyama ya kuku. Hupikwa vilevile pasipo nyama yoyote, na ndivyo itakavyoelezwa, maana hapo ndipo ladha ya mchele wenyewe inapopata nafasi ya kusikika. Waafrika Mashariki wengi, Wakenya wakiwamo, wamefanya makazi pembezoni mwa mji wa Minneapolis, na si ajabu mfuko wa mchele huo ukafika nyumbani ndani ya sanduku la mgeni.

Mpishi anapoupokea mfuko huo, jambo la kwanza si kubandika maji. Jambo la kwanza ni kusoma karatasi yake.

Yafaa ieleweke kwanza ni mchele gani. Mkulima wa mabonde ya mpunga akisikia habari ya mpunga mwitu hufikiri lile gugu linaloota kwa mizizi chini ya tope, likapukutisha punje zake kabla ya mavuno na kumwachia kazi ya kupalilia mwaka hadi mwaka. Huu sio. Mmea unaozungumzwa ni nyasi ya majini ya jamii nyingine, ingawa ina undugu wa mbali na mpunga. Huota katika maziwa na mito iendayo polepole, mahali ambapo maji yana kina cha nusu mita hadi mita moja hivi, ukachomoza juu ya maji kwa urefu wa mtu. Waojibwe, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa sehemu hizo, huuita manoomin. Masimulizi yao ya kale husema kwamba wazee wao walipohama kutoka mashariki waliagizwa waendelee na safari mpaka wafike mahali chakula kinapoota juu ya maji. Basi hawakuupanda. Waliukuta, wakautunza.

Mavuno yake hufanyika kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba. Watu wawili huingia katika mtumbwi. Mmoja husimama na kuusukuma kwa upondo mrefu, kwa sababu kasia lingevunja mashina na kuvuruga mizizi. Mwingine huketi na vijiti viwili vya mti mwepesi: kwa kimoja huinamisha masuke juu ya mtumbwi, kwa kingine huyapapasa, na punje zilizoiva huanguka ndani. Zile zisizoiva hubaki kwenye suke zikingoja siku nyingine, maana suke moja haliivi lote kwa pamoja. Nyingine huanguka majini, zikazama katika tope na kulala huko wakati wote wa baridi, nazo ndizo mbegu za miaka ijayo. Kwa hiyo mvunaji mwenye mkono mzito huiba kotekote: huvunja suke la leo na hupunguza mbegu za kesho.

Sheria ya jimbo imeyaweka mambo hayo kwa vipimo. Mtumbwi usizidi urefu wa futi 18 wala upana wa inchi 36. Kijiti kisizidi urefu wa inchi 30 wala uzito wa ratili moja. Kazi hufanywa kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Katika maeneo ya Waojibwe wenyewe, kamati za mavuno zimekuwa zikiamua ziwa lipi lifunguliwe na siku gani. Haki yao ya kuvuna katika ardhi walizoziachilia iliandikwa waziwazi katika mkataba wa mwaka 1837, na ubishi juu ya mkataba huo ulifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo katika mwaka 1999 iliamua kwamba haki hiyo ingali hai. Katibu yeyote aliyewahi kuulizwa kuna faida gani kutunza makaratasi ya zamani na auhesabu muda huo: miaka 162.

Punje zikifika nchi kavu zina maji mengi. Huanikwa, kisha hukaangwa kavu katika chungu kikubwa cha chuma juu ya moto wa kuni, mtu akigeuza kwa pondo au mwiko mrefu pasipo kupumzika, kwa sababu dakika chache za usahaulifu huunguza kazi ya siku nzima. Baada ya kukaangwa humiminwa katika shimo dogo lililotandikwa, na mtu mwepesi aliyevaa viatu safi vya ngozi laini huzicheza kwa miguu mpaka maganda yaachie. Mwisho hupepetwa katika sinia pana za gamba la mti, kazi ambayo mwanamke yeyote ajuaye ungo angeitambua kwa kuitazama mara moja tu. Kiswahili hapa kina utajiri wake: ziwani ni mpunga, katika sinia ni mchele, na kwenye sufuria utakuwa wali.

Katika safari hiyo uzito hupungua sana. Kilo 100 za mpunga mbichi kutoka mtumbwini hutoa mchele wa kilo 40 hadi 50 tu. Hapa makatibu na watulize masikio, kwa sababu wavunaji wengi huuza mpunga wao mbichi palepale pwani ya ziwa, kwa fedha taslimu, kwa mnunuzi aliyeleta mizani yake mwenyewe. Anayeuza mbichi hajui zao lake lilitoka na uzito gani baada ya kukaangwa, wala liliuzwa wapi, wala kwa jina gani. Kilichobaki mkononi mwake ni fedha za siku hiyo. Habari zote nyingine za zao zimeondoka na gari la mnunuzi.

Mambo yalibadilika baada ya mwaka 1950, ulipopandwa kwa majaribio katika shamba lililozungushiwa matuta huko Minnesota. Katika miaka ya 1960 watafiti wa chuo kikuu cha jimbo walianza kuchagua mbegu zisizopukutika upesi, ili mashine ya kuvunia ipite mara moja na kumaliza. Kutoka hapo mashamba yalipanuka, na miaka ya 1970 kilimo hicho kikafika California, mbali kabisa na maziwa ya Waojibwe, ambako katika muongo uliofuata mavuno yalikuwa makubwa mno hata bei ikaporomoka. Mvunaji wa mtumbwi aliporudi pwani ya ziwa alikuta zao lake lina bei ya zao la mashine, kwa kuwa yote mawili yaliitwa kwa jina moja na kupakiwa katika mifuko inayofanana. Mwaka 1977 jimbo la Minnesota lilikuwa limekwisha kuufanya mchele huo kuwa nafaka rasmi ya jimbo. Heshima hiyo haikuongeza senti katika mizani ya pwani ya ziwa.

Baadaye sheria ya Minnesota ililazimisha mchele uliolimwa shambani uandikwe hivyo kwenye mfuko, na kuruhusu ule uliovunwa ziwani na wenyeji wa asili utambulishwe kwa maneno yake. Ni sheria nzuri, lakini ni ya jimbo moja. Msomaji wa mfuko asidanganyike na picha ya mtumbwi, picha haivuni. Atafute maneno: umevunwa ziwani au mtoni, au umelimwa, umekaangwa kwa mkono, au la.

Na sababu ya kuyatafuta si huruma peke yake. Mpishi asiyejua anapika mchele gani ataharibu supu. Mchele wa shambani hulundikwa siku kadhaa kabla ya kukaushwa, ukageuka mweusi tititi wenye ganda gumu linalong'aa. Hutaka dakika 45 hadi 60 motoni, pengine zaidi. Ule wa ziwani uliokaangwa kwa mkono una rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani na kijivu, na huiva kwa dakika 15 hadi 30. Walioichanganya aina hizo mbili katika mfuko mmoja humpa mama jikoni sufuria ambayo nusu imekuwa uji na nusu ingali changarawe. Ndiyo maana wasemao kwamba kuchanganya madaraja ni kosa la daftari tu hawajawahi kupika walichokichanganya.

Sasa kupika kwenyewe. Kwa watu sita kikombe kimoja cha mchele huo kinatosha, maana hufura mpaka vikombe vitatu au zaidi. Uchaguliwe na kuoshwa mara mbili tatu, utiwe katika vikombe vinne vya maji na chumvi kidogo, uchemke, kisha moto upunguzwe na sufuria ifunikwe. Umeiva wakati punje zinapopasuka na kuonyesha weupe wa ndani, lakini bado zina ukinzani kidogo chini ya jino. Zikijikunja kabisa kama maganda yaliyokauka, zimepita. Maji yaliyosalia yachujwe. Upikwe peke yake, usipikwe ndani ya supu, hata kama mpishi ana haraka: maji yake ya kwanza huwa meusi na kuifanya supu nzima iwe na rangi ya maji ya mfereji.

Wakati mchele ungali motoni, mchuzi wa mboga uwe unachemka pembeni. Hauhitaji gharama. Vikonyo vya uyoga, ncha za karoti, majani ya juu ya selari, kitunguu kilichokatwa vipande vinne, punje chache za pilipili manga, na maji vikombe saba. Vichemke polepole dakika 40 na kuchujwa. Supu isiyo na nyama husimama au huanguka kwa mchuzi huu, na wale wanaodai kwamba chakula cha mboga hakina ladha mara nyingi ni wale waliotumia maji matupu.

Kisha sufuria kubwa ibandikwe, na ndani yake viyeyushwe vijiko vinne vikubwa vya siagi.

Hapa pana haja ya kusimama kidogo, kwa sababu siagi nayo ina habari yake, na habari hiyo ni ya Minnesota ileile. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20 jimbo hilo lilikuwa na mamia ya viwanda vidogo vya siagi vya ushirika, kila kimoja kikiuza peke yake. Wengine walitengeneza siagi kwa malai yaliyokwisha kuchacha, wengine kwa malai matamu. Mnunuzi wa mjini, asiyeweza kujua kilichomo katika kila pipa, alilipa yote kwa bei ya kibaya. Julai 1921 wajumbe wa vyama 320 walikutana St. Paul wakaunda umoja wao. Jambo walilolishikilia halikuwa kuomba bei nzuri. Walikubaliana kwanza juu ya daraja: malai yawe matamu, siagi ipimwe na wakaguzi wa serikali, ile iliyofaulu ifungwe katika pakiti za ratili moja zenye cheti, na mwanachama anayeleta malai bora alipwe zaidi ya yule anayeleta yaliyochacha. Mwaka 1924 walitafuta jina kwa shindano, likapatikana Land O'Lakes, yaani nchi ya maziwa, na jina hilo lingali sokoni.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chungu hiki kimoja kinaonyesha kwamba methali hiyo ina upungufu katika biashara ya mazao. Mchele wa ziwani ulikuwa chema tangu siku ya kwanza, wala haukujiuza. Uliuzwa na wengine. Siagi haikuwa nzuri siku zote. Ilifanywa nzuri kwa masharti yaliyowaudhi baadhi ya wanachama wenyewe, kisha ikafungwa ndani ya jina ambalo hakuna mtu wa nje aliyeweza kulitumia. Jambo moja la kustaajabisha: tangu mwaka 1928 pakiti ya siagi hiyo ilibeba picha ya mwanamke wa wenyeji wa asili, na picha haikuondolewa mpaka mwaka 2020. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 90 sura ya watu wa ziwani ilisaidia kuuza siagi ya majirani zao, wakati ambapo mchele wa watu hao ulipigania jina lake.

Hata hivyo Waojibwe hawakukaa kimya. Katika eneo la White Earth uliundwa mradi wa kurejesha ardhi mwaka 1989, ambao pamoja na kazi nyingine ulianza kuuza mchele wa ziwani kwa niaba ya wavunaji, na mwaka 2018 White Earth ilipitisha sheria inayoutambua manoomin wenyewe kuwa na haki zake. Na wanachama wasidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Si siri kwamba jina la Kyela huandikwa juu ya magunia ya mchele ambao haukupata kuona mvua ya Kyela, na jina la Mwea vivyo hivyo huko Kenya. Mkulima wa Kyela anayechanganya mchele wake na wa kutoka mbali ili gunia lijae humsaidia mwigaji, kwani baada ya hapo hata mlaji mwaminifu hawezi kutofautisha. Chama cha msingi kinachopokea bila kuchungulia gunia kimeshiriki.

Siagi imekwisha kuyeyuka. Ndani yake kitiwe kitunguu kikubwa kilichokatwa vidogo, karoti mbili, mabua mawili ya selari, na uyoga robo kilo uliokatwa vipande vyembamba. Uyoga utatoa maji. Usisongwe mpaka maji hayo yakauke na kingo zake zianze kugeuka kahawia, maana ndipo harufu yake inapotoka. Vitunguu saumu punje mbili vifuate. Kisha vinyunyizwe vijiko vinne vikubwa vya unga wa ngano na kukorogwa juu ya moto mdogo kwa dakika mbili, ili ubichi wa unga utoke. Mchuzi wa mboga, vikombe vitano, umiminwe kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka. Anayemimina wote kwa pamoja atapata mabonge, na mabonge hayo hayatatoka kwa kukasirikiwa. Iache itokote robo saa, mpaka karoti ziwe laini na mchuzi ushike mgongo wa kijiko.

Sufuria ishushwe motoni, ndipo kikombe kimoja na nusu cha malai au maziwa mazito kiingie. Kabla ya hapo malai yachanganywe na upawa mmoja wa supu ya moto ili yazoee joto. Malai ya baridi yakikutana na supu inayochemka huweza kukatika, na ndimu ikitiwa mapema huyakata kwa hakika. Sasa mchele ulioiva utiwe, chumvi ionjwe, na pilipili manga isagwe juu yake. Irudishwe kwenye moto mdogo dakika tano, isichemke tena.

Kwa nyumba isiyotumia maziwa wala siagi ipo njia nyingine, nayo si ya kujinyima. Kikombe kimoja cha korosho mbichi, yaani zisizokaangwa, hulowekwa saa mbili katika maji ya moto, zikatwangwa na kusagwa na kikombe kimoja na nusu cha maji mpaka ziwe laini kama malai yenyewe. Mboga zikaangwe kwa mafuta, unga wa ngano uachwe kabisa, na tui hilo la korosho litiwe mwishoni. Litaifanya supu kuwa nzito bila msaada. Watu wa Mtwara na Lindi wanaouza korosho zao zote na kubaki na risiti wangefanya vyema kuzuia kibaba kimoja kwa ajili ya sufuria hii. Tui zito la nazi nalo lafaa, ila lina sauti kubwa na huufunika mchele. Atakayelitumia apunguze kwa nusu na kuongeza mchuzi wa mboga.

Na asiyeupata mchele wa ziwani? Mchele wa kawaida usiokobolewa hufanya supu nzuri ya jirani yake. Upikwe peke yake vilevile, dakika 40 hivi, na hatua nyingine zote zibaki kama zilivyo. Lakini mwenye kuandaa awaambie wageni wake kwamba wanakula supu ya mchele usiokobolewa.

Supu ikibaki, mchele na mchuzi vitengwe kabla ya kuhifadhiwa, kwa kuwa mchele huendelea kunywa usiku kucha na asubuhi mwiko husimama wima wenyewe. Visiachwe mezani vikapoa polepole. Vitandazwe katika vyombo vipana, na vikipoa viwekwe mahali pa baridi, vitumike ndani ya siku tatu. Mchele mbichi uliosalia urudishwe katika mfuko wake uleule, pamoja na karatasi yake, usimiminwe kwenye debe la mchele mwingine. Ukikaa pakavu hukaa miaka.